Mombasa kwa Siku Mbili: Treni, Chumba cha Mji wa Kale na Shangazi Nisiyemwambia

Hamjambo watu wangu. Kabla sijaanza, ombi dogo: kama unamjua shangazi yangu wa Kisauni, tafadhali usimtumie hii video. Niliingia Mombasa Ijumaa usiku, nikatoka Jumapili alasiri, na kwake sikufika.

Miaka yote nikienda Mombasa nalala kwa shangazi, nakula kwa shangazi, na mji nauonea dirishani mwa matatu nikipelekwa kusalimia watu. Safari hii nilitaka kwenda kama mgeni anayelipa, nijue mgeni huyo anapata nini kwa pesa yake. Kwa hiyo, mliozoea nikichambua simu na spika, leo hazipo mezani. Nachambua safari yenyewe, kutoka Nairobi: chombo cha kwendea, mahali pa kulala, na vya kuona. Na kila kitu nimekipima kwa saa. Wikendi haina saa nyingi, na Mombasa ina njia nyingi za kukuibia.

Tuanze na treni. Madaraka Express inabeba abiria tangu 2017, na bado kuna mtu ataniandikia kwamba tiketi hazipatikani. Zinapatikana, ila usizitafute Alhamisi usiku kwa safari ya Ijumaa. Mimi nilikata wiki mbili kabla kwa *639#, nikalipa kwa M-Pesa. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500. Ndiyo, ilikuwa 1,000 na 3,000 mpaka 2024 ilipoingia. Nimelia, nimenyamaza.

Ratiba ina treni tatu. Ya saa mbili asubuhi inasimama vituo vya njiani, halafu kuna ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Hiyo ya usiku ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anapiga hesabu: nitalala njiani, niokoe pesa ya chumba. Haya, inafika kama saa tisa na nusu usiku. Chumba chako wanakupa saa nane mchana. Hapo katikati utakaa wapi, juu ya begi? Na viti vya daraja la kawaida havilali nyuma, kwa hiyo hata huo usingizi uliouhesabia hukuupata. Ya asubuhi ni nzuri kwa macho, unapita mbuga ya Tsavo mchana kweupe, lakini ukifika kituoni nusu ya Jumamosi imeshaliwa. Mimi nilichukua ya saa tisa, Ijumaa. Saa mbili usiku tumefika, na Jumamosi yote ni yangu.

Fika stesheni ya Syokimau saa nzima kabla. Kuna treni ndogo ya kutoka mjini Nairobi inayokuleta mpaka hapo, na siku ya Ijumaa ambapo Mombasa Road imesimama, hiyo treni ndogo ni rafiki wa kweli. Mkifika mnapanga mabegi chini kwa mstari, mbwa anapita anayanusa, nyinyi mmesimama pembeni kama watu wanaongoja hukumu. Halafu mashine, kitambulisho, mashine tena. Ukibeba kisu, hata cha kumenyea embe, kitabaki hapo. Pombe pia.

Viti vinatazamana. Watatu upande mmoja wa ujia, wawili upande wa pili, na magoti yanakutana. Mimi niliketi mkabala na mzee mmoja mrefu sana, na mpaka Voi tulikuwa tumeshakubaliana bila kusema neno nani anyooshe mguu wa kulia na nani wa kushoto. Ukiwa mrefu, au una mtoto wa kupakata, lipa hiyo 4,500. Wengine wote, daraja la kawaida linatosha, na chakula beba chako. Treni naipa saba kwa kumi. Imeondoka kwa dakika yake, imefika kwa dakika yake, na hilo peke yake ni pointi nne.

Pointi tatu nilizonyima, sababu yake inaitwa Miritini. Sikiliza hapa, wewe unayekwenda mara ya kwanza. Treni hii haiingii kisiwani. Inakushusha Miritini, bara, na mbele yako bado kuna Changamwe, malori ya bandarini na daraja la Makupa la kuingilia kisiwani. Nje ya mlango teksi wanakungoja kama jamaa wa harusi. Wa kwanza aliniambia 2,500. Nikamjibu kwa lafudhi ya shangazi, "Kaka, mimi ni wa hapa," ikashuka mpaka 1,500 hapo hapo. Nikapita, nikatoka mpaka kwenye matatu za mjini, nikalipa 200. Ila mimi nilikuwa na begi la mgongoni tu. Kama mko wanne na masanduku, ombeni gari kwa programu ya simu, mgawane, msihangaike.

Mtaniuliza kuhusu basi na ndege. Basi la usiku lina sifa moja ambayo treni haina: linakushusha Mwembe Tayari, katikati ya mji. Ila ni usiku mzima wa barabara ya malori, na mgongo wangu umekataa. Ndege ni kama saa moja hewani, lakini jumlisha foleni ya kwenda uwanjani na kungoja, na ukitua bado uko bara vilevile. Kama umepata tiketi ya bei nafuu, panda. Mimi sikupata.

Sasa kulala. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Ukisema "hoteli Mombasa", kila mtu anakutajia Nyali, Bamburi, au anakwambia nenda Diani. Diani si Mombasa jamani, iko kaunti ya Kwale! Unavuka kivuko cha Likoni au unazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na baada ya hapo bado kuna safari. Ni pwani nzuri ajabu, mpe siku zake nne. Nyali na Bamburi ziko karibu zaidi, mchanga upo, bwawa la kuogelea lipo, lakini kila ukitaka kuona mji utavuka daraja la Nyali, na daraja hilo jioni ni kama foleni ya sukari enzi za uhaba. Ukienda na kurudi mara mbili, umeshatoa saa tatu katika wikendi yako.

Mimi nililala Mji wa Kale. Nyumba ya ghorofa tatu, kuta nene za mawe ya matumbawe, mlango wa kuchongwa, shilingi 3,500 kwa usiku na kiamsha kinywa ndani yake. Jina silitaji, hawajanilipa, na tena nina malalamiko. La kwanza, ngazi. Ni nyembamba, zimesimama kama za mnazi, na chumba changu kilikuwa juu kabisa. Mama yako mwenye magoti usimlete hapa bila kuuliza chumba cha chini. La pili, maji. Asubuhi ya Jumamosi bomba lilikohoa mara mbili likakata. Mombasa shida ya maji ni ya miaka, na mengi unayooga ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu. Walileta ndoo mbili haraka na pole nyingi, sawa, lakini kwenye picha zao za mtandaoni ndoo sikuiona.

Kwa hiyo kabla hujalipa, piga simu. Usiandike ujumbe, piga, usikie sauti ya mtu. Uliza maji yanatoka saa ngapi. Uliza kama bei hiyo ni ya feni au ya kiyoyozi, maana kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, joto la usiku halina huruma na feni inakupulizia hewa ya jikoni. Uliza ngazi. Na ujue adhana ya alfajiri utaisikia, si kwa mbali, ni kama iko kwenye mto wako. Mimi iliniamsha, nikapanda darini, nikaona bandari ya kale inapata rangi kidogo kidogo na majahazi mawili yamelala. Kelele hiyo sijailalamikia. Chumba nakipa sita. Mahali kilipo nakipa kumi.

Maana tazama: Jumamosi saa mbili kasoro nimetoka kwa miguu, nikala mbaazi za nazi na mahamri kwenye kibanda, na saa mbili ninasimama mbele ya Fort Jesus mlango unafunguliwa. Wenyewe wanaiita Ngomeni. Nenda saa hiyo. Ikifika saa tano jua limekamata mawe na mabasi ya shule yameshafika. Beba kitambulisho, bei ya raia ni nyingine kabisa, na malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, pesa taslimu hawachukui. Nje kuna vijana wanaojitolea kukutembeza. Wengine wanajua historia kweli, lakini patana bei kabla hajafungua mdomo.

Nimekwenda Ngomeni nikiwa mtoto, na nilichokumbuka ni mizinga tu. Safari hii nilikaa saa mbili na nusu. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa mchoro wa Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani waliuawa na njaa na maradhi zaidi kuliko risasi. Hayo ukiyasoma kitabuni ni tarehe. Ukisimama juu ya ukuta ukaona jinsi bahari ilivyo karibu, unamwelewa mtu aliyekuwa akikodolea macho upeo wa bahari akingoja meli ya msaada. Moja ya hizo meli ilizama 1697 hapo hapo mbele ya ngome, na vyombo vilivyotolewa chini ya maji viko ndani ya makumbusho. Kilichonishika zaidi ni ukuta wenye michoro ya askari wa Kireno: meli, samaki, watu, vimechorwa na mtu aliyekuwa amechoka kukaa. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, mpaka 1958. Kumi kwa kumi, bila kujadili.

Ukitoka, ingia mtaa wa Ndia Kuu na upotee. Vichochoro vya Mji wa Kale vyote mwishowe vinakutoa baharini au barabarani, huwezi kupotea vibaya. Funika mabega na magoti, hapa watu wanaishi, na usimpige mtu picha bila kumuomba. Utaupita msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa tangu 1570. Halafu nikaenda soko la Marikiti kununua viungo, na hapo ndipo nilipomwona binamu yangu, mtoto wa shangazi mwenyewe, anapima iliki. Nilijificha nyuma ya magunia ya pilipili kavu dakika tano nzima. Nilipiga chafya mara tatu. Sehemu hiyo nimeikata kwenye video.

Mapembe ya Moi Avenue, yale makubwa ya ndovu juu ya barabara? Piga picha ukipita, dakika mbili, endelea. Ni alumini tu, na magari hayakungojei. Haller Park kule Bamburi ni pazuri, hasa ukiwa na watoto. Ndipo walipoishi Owen, yule kiboko yatima aliyeokolewa wakati wa tsunami ya 2004, na Mzee, kobe ambaye Owen alimfuata kama mamake. Lakini kwa siku mbili bila watoto, mimi niliacha, kwa sababu ni daraja la Nyali tena.

Badala yake jioni fanya hivi. Chukua tuktuk mpaka Likoni, uvuke kwa kivuko na urudi. Kwa miguu ni bure. Simu iweke mfuko wa mbele. Unasimama katikati ya watu wanaotoka kazini, mikokoteni, mama na ndoo ya samaki, na meli kubwa ya makontena inapita karibu hata unajiona mdogo. Kisha rudi ufukweni Mama Ngina, wazee bado wanapaita Lighthouse, keti chini ya mibuyu na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na dafu mkononi. Kuna watu wanalipa maelfu kwenda na mashua ya chakula cha jioni, na bahari ni hii hii.

Jumapili asubuhi nililala mpaka saa tatu, nikanunua leso Biashara Street, na saa sita nikaanza kwenda Miritini. Usicheke, malori hayana Jumapili. Treni ya saa tisa ya kurudi ina zawadi yake: unafika Tsavo kabla jua halijazama. Baada ya Voi tuliona tembo saba, wekundu kwa vumbi la udongo wao, na behewa zima likasimama, hata yule mtoto aliyekuwa analia tangu Mariakani akanyamaza.

Hesabu. Treni 3,000. Chumba siku mbili, 7,000. Matatu na tuktuk, pamoja na za Nairobi, 1,700. Chakula 3,000, na nilikula vizuri. Jumla 14,700, ukiacha kiingilio cha Ngomeni na leso. Mkiwa wawili chumba kimoja, inashuka sana kwa kila mtu. Aprili na Mei msiende, mvua ya masika itawafungia ndani mkitazama ndoo. Juni mpaka Agosti hewa ni nzuri, ila tiketi za Agosti kateni mapema, shule zikifungwa Nairobi yote inateremka.

Na shangazi, najua utaiona tu, binamu hawezi kukaa kimya na nadhani aliniona. Ile leso ni yako. Nyekundu, ya maua makubwa, kama unazopenda. Nakuja nayo Desemba, nalala kwako siku zote kumi, na maji nitachota mwenyewe.