Kutoka Boxer 150 kwenda TVS HLX 125: nilichokagua dukani

Mwenye pikipiki ya Boxer akiingia duka la pikipiki za TVS huanza na bei. Mimi nilianza kwa kuweka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya baridi, omba uiwashe mwenyewe, kiki kwanza, stata baadaye. Ukikuta ina joto, imeshawashwa kabla hujafika, na hapo huwezi kujua inavyoamka alfajiri, subiri ipoe. HLX 125 niliyoonyeshwa iliitika kiki bila choki na ikatulia yenyewe bila kuvutwa mafuta. Sauti ya juu ya injini ilikuwa ya tapeti peke yake, cheni ya taimingi haikusikika.

Kisha isimamishe kwa stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili tairi la mbele liwe hewani, uzungushe usukani taratibu kulia na kushoto. Ukisikia unakwama kidogo katikati, bolberingi za usukani zimekazwa kupita kiasi au zimeanza kuchimbika. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye karatasi za mauzo. Soma pia tarehe ya tairi: tarakimu 4 ndani ya umbo la yai, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Pikipiki inaweza kuwa na sifuri kwenye dashibodi na raba zake zikawa zimekaa stoo miaka.

Kabla ya kuondoka kuijaribu, uliza mpangilio wa gia. Kuna zinazokanyagwa zote mbele, kuna zenye gia ya kwanza chini na nyingine unazibeba juu. Mguu uliozoea mpangilio mmoja utakosea kwenye foleni, tena mwenye gari nyuma yako hatakusubiri. Jaribu ukiwa na abiria, si peke yako, na utafute mlima. Boxer ina cc 144.8, kwa hiyo inavuta tangu mizunguko ya chini. Kwenye 125 utashusha gia mapema zaidi, hasa ukibeba wawili au gunia. Hilo si kosa la HLX, ni hesabu ya ukubwa wa silinda. Kwenye tambarare ya mjini tofauti hiyo sikuihisi sana, na usukani niliuona mwepesi kwenye kona za karibu. (Tundu la kuchaji simu ni zuri, lakini muuzaji asikuuzie pikipiki kwa tundu.)

Uamuzi wenyewe uko kaunta ya spea. Andika orodha hii na uulize bei hapo dukani, halafu uiulize Kariakoo: seti ya cheni na sproketi, klachi pleti, brekishuu za mbele na nyuma, kebo ya klachi, filta ya hewa, pistoni na ringi zake. Hivi ndivyo vitu utakavyonunua tena na tena. Bei ya taa au tangi haina maana hapa. Uliza pia kama vipo leo, maana spea rahisi inayosubiriwa wiki nzima ni ghali kuliko spea ghali iliyoko rafuni. Tairi za 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma zinapatikana kila kona, hizo zisikuumize kichwa. Akiba yako ya pleti na pistoni za Boxer, hiyo iuze pamoja na Boxer.

Oili usimimine kwa mazoea. Boxer tumezoea 20W-50. Kwa pikipiki mpya fuata namba iliyo kwenye kitabu chake, na kopo liwe na alama ya JASO MA, yaani oili ya pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili. Nyingi za oili za gari zina kemikali za kupunguza msuguano, na klachi inayolala ndani ya oili itaanza kuteleza: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Kama betri ni ya kujazwa maji makali (asidi), sema ichajiwe kwanza kabla hujakabidhiwa. Ikimiminwa maji hayo na kufungwa papo hapo, mara nyingi haidumu.

Katika hesabu ya kubadilisha, ongeza keria na bampa, kwa sababu za Boxer hazitakaa bila kuchomelewa upya, na gharama za kuhamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) unapouza ya zamani. Usikubali kumwachia mnunuzi kadi yenye jina lako.

Kwa kazi ya mjini, abiria mmoja, ningehamia HLX 125 Boxer yangu ikifika wakati wa kufunguliwa injini, si kabla. Kwa njia za milima na mizigo, nabaki na 150, au narudi kujaribu HLX 150 kwa vipimo hivihivi.

Ukilipa, hakikisha risiti ina namba ya chasisi, na upewe funguo mbili, kifurushi cha spana na kitabu chenye kuponi za sevisi. Ya kwanza huwa kati ya km 500 na 750. Uliza kama oili unalipia wewe.