Kitabu cha kwanza cha kujiandaa na dharura: cha Werner au cha Wiseman?

Anayeanza kusoma mambo ya dharura kwa kawaida huelekezwa kwenye vitabu viwili. Kimoja ni mwongozo wa afya wa David Werner, maarufu kwetu kama *Mahali Pasipo na Daktari*. Kingine ni *SAS Survival Handbook* (1986) cha John "Lofty" Wiseman, aliyekuwa askari wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza; kinahusu kunusurika porini.

Kwa bei, Werner anashinda bila ubishi: toleo la Kiingereza linapakuliwa bure kwenye tovuti ya Hesperian, shirika linalokichapisha. Cha Wiseman ni cha kununua, ingawa kina toleo dogo la mfukoni.

Je, vinafaa nyumbani? Mafuriko yakikata barabara, cha kwanza kuhangaisha ni mtoto anayeharisha. Werner anakufundisha kutambua dalili za kupungukiwa maji mwilini: macho yaliyobonyea, ngozi ukiifinya hairudi upesi. Dawa yenyewe iko jikoni: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari (bapa, si vya kujaza) na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wiseman naye ana mengi ya moto, kamba, mitego na kutafuta njia porini. Mimea yake mingi, lakini, ni ya Ulaya na Marekani. Usiile kwa kufuata picha.

Kuhusu kuchakaa, fundo la kamba halipitwi na wakati. Dawa hupitwa, kwa hiyo tafuta toleo jipya la Werner.

Mpanda milima au mwongoza watalii aanze na Wiseman. Mwenye watoto, mbali na zahanati, achukue Werner.