Miche ya Kununua kwa Ajili ya Chozi: Ipi Itangulie, Ipi Iachwe

Masika yanapokaribia, vitalu vya Nairobi na Arusha hujaa miche ya maua mekundu, na wauzaji huinadi yote kuwa inapendwa na chozi, yule ndege mdogo anayekunywa nekta, yaani maji matamu ya maua. Rangi pekee haitoshi. Ua linalofaa lina umbo la mrija na nekta ya kutosha, tena linakaa karibu na tawi au shina la kutua, kwa kuwa chozi hupendelea kunywa akiwa ametua.

Nafasi ya kwanza naupa mshubiri wa asili wa Kenya na Tanzania, Aloe secundiflora, unaostahimili ukame na kuchanua hata wakati wa kiangazi, maua mengine yanapoadimika. Nunua ule uliooteshwa kwa mbegu kitaluni. Mche wenye mizizi minene iliyokatika, usioshikana na udongo wa kiriba, huenda uling'olewa porini, nao uachwe hata ukiwa wa bei nafuu.

Wa pili ni Leonotis, wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyolizunguka shina kwa mafungu. Katika nyanda za juu za Kenya, chozi mwenye mabawa ya dhahabu hulinda eneo lenye maua haya na kuwafukuza wenzake. Kwa hiyo ni busara kununua miche kadhaa na kuipanda pande mbili za bustani zisizoonana, ili mbabe mmoja asiimiliki yote.

Kichaka cha Tecomaria capensis kinafuata, hasa kwa anayehitaji ua wa kuzungushia kiwanja, ingawa kichaka hiki huota kwa vipandikizi na jirani anaweza kukupa bure. Mwambangoma (Erythrina abyssinica) huchanua vizuri sana, lakini ni mti mkubwa usiofaa uwanja mdogo. Haibiskasi naiweka chini yake, maana mara nyingi chozi huitoboa kitakoni na kuiba nekta bila kuichavusha.

Chupa ya kumnywesha chozi maji ya sukari ni ya mwisho. Mchanganyiko ni sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, bila rangi wala asali, na katika joto letu huchacha upesi, hivyo chupa inahitaji kuoshwa kila baada ya siku mbili hivi.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama miche imepuliziwa dawa ya wadudu, kwani makinda ya chozi hulishwa wadudu na buibui.