Ofa za sikukuu: kurusha tangazo kundini au kuthibitisha kwanza?

Novemba ikifika, makundi ya WhatsApp ya Dar hujaa ofa za Black Friday, kisha za Krismasi. Mwanakundi ana njia mbili za kuwasaidia wenzake.

Ya kwanza ni kurusha tangazo kama lilivyo. Faida yake ni kasi, kwani mzigo mdogo ukitangazwa asubuhi, mchana umekwisha.

Ya pili ni kuthibitisha kabla ya kutuma, na hapa ndipo msaada hasa ulipo. Bango la "punguzo asilimia 50" halikuambii bei ya jana. Friji iliyoandikwa 1,200,000, ikakatwa mstari mwekundu na kuwekwa 600,000, huenda wiki iliyopita iliuzwa 650,000 duka hilohilo. Piga simu, uliza, kisha andika bei ya mwisho, duka liko mtaa gani Kariakoo (Kongo? Msimbazi?) na ghorofa ya ngapi, ofa inaisha lini, kama kuna warantii na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na nani analipia usafiri. Mtu wa Mbagala hapaswi kupoteza nauli na siku nzima kufuata mzigo ulioisha jana.

Mimi nachagua ya pili, hata ikichelewa nusu saa. Ofa isiyosubiri irushe, ila andika "sijathibitisha", kisha rudi utoe jibu, na ikiisha ifute. Na kama mwenye duka ni ndugu yako au unapata cha juu, sema mapema.