Handaki la nyuklia linalojaa maji ya bamvua

Watu wa Lamu, kama kuna aliyekwisha kutoa arbuni kwa hawa wajenzi wa mahandaki ya kujikinga na bomu la nyuklia, asimalize kulipa kabla hajasoma haya.

Mimi nakaa Langoni, karibu na bahari. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na wakubwa wakaanza kutajiana nyuklia, mume wangu halali vizuri, basi kampuni ilipobisha hodi tukaifungulia. Haki yao niwape: zege ni nene, mlango wa chuma umekaa sawasawa, na kifusi chote kilibebwa kwa punda bila kuchafua kichochoro. Niliwasifu kwa kila jirani.

Likaja bamvua, yale maji makubwa ya bahari ya mwezi kuandama na mwezi mpevu. Nilishuka na tochi nikayaona maji yakitoka pale ukuta unapokutana na sakafu, membamba, yakitoka tu bila kukoma. Usiku yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikayaonja: chumvi. Mtoto yeyote wa hapa anajua kuwa visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka na bahari. Fundi wao mkuu hakuchungulia hata kisima kilichopo uani kwangu!

Nikampigia msimamizi, nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Akanijibu, "Bi mkubwa, bomu likianguka hutajali miguu kulowa." Akakata simu.

Hutajali! Kwani handaki ni la kuingia na kutoka? Mionzi ya lile vumbi linaloanguka baada ya bomu hushuka hadi sehemu moja ya kumi ukipita muda wa saa 7 tangu mlipuko, na moja ya mia baada ya siku 2 hivi, ndiyo maana watu huambiwa wajiandae kukaa ndani hata wiki mbili. Wiki mbili, mamangu na baridi yabisi yake, katika maji ya chumvi, na betri za feni ya hewa wameziweka sakafuni!

Nilikusudia kuwapa nyota mbili kwa ajili ya ule mlango. Labda wangemfaa mtu wa huko juu, mbali na maji. La, hata huyo simshauri. Anayekujibu hivyo wakati wa amani, siku ya vita utampata wapi? Nyota moja. Nimewaandikia waje wazibe, wakishindwa wanirudishie pesa zangu na shimo walifukie, tena upesi, maana mwezi u karibu kuandama na bamvua jingine laja.