Feni tatu kwenye Chevelle ya 1969, uzoefu wangu mpaka nikatulia na feni klachi

Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1969 ninayo muda sasa, na kati ya vitu vyote nilivyobadilisha kwenye lile gari hakuna kilichonitesa kama feni ya kupoza rejeta. Nimefunga tatu. Naandika kwa ajili ya yule ambaye gari lake linachemsha na tayari kashaanza kutamani feni za umeme, maana na mimi nilianzia hapo hapo.

Gari lilikuja na fleksi feni, ile ya mapanga membamba ya chuma ambayo resi zikiwa chini yanakuwa yamepinda yanavuta hewa nyingi, zikipanda yananyooka ili yasile nguvu ya injini. Kava la feni halikuwepo, lile boksi la plastiki linalokaa nyuma ya rejeta na kuizunguka feni, aliyekuwa nalo kabla yangu aliling'oa, nahisi alitaka injini ionekane vizuri ukifungua boneti. Basi barabara kuu gari limetulia, geji nyuzi 85 haitikisiki, ingia kwenye foleni dakika kumi tu, 95, 100, 105, ukizima unasikia maji yanagugumia ndani ya rejeta halafu yanatemwa chini kupitia kale kampira ka pembeni.

Nikabadilisha themostati, mfuniko wa rejeta nikaweka mpya wa psi 15, nikaflashi mfumo mzima, hamna kitu. Na kumbe gari lilikuwa linaniambia shida iko wapi ila sikulisikiliza. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia linakosa hewa, hapo ndo feni na kava vinahusika. Likipoa kwenye foleni halafu likachemsha likikimbia, tafuta kwingine, rejeta imeziba, au hosi ya chini inanywea pampu ikivuta maji, au taimingi imekaa vibaya, hapo hata ufunge feni kubwa kiasi gani unapoteza muda wako.

Sasa mimi nikaruka moja kwa moja kwenye umeme. Feni mbili za inchi 12 kwenye bamba la aluminiamu linalofunika rejeta yote. Nilipotoa ile fleksi nikaifuta grisi, nikaona mpasuko mwembamba kama unywele kwenye panga moja karibu na riveti. Niliishika mkononi nikakaa kimya kabisa. Lile panga likikatika resi zikiwa juu linapita kwenye boneti au kwenye mtu aliyeinama pembeni, kwa hiyo kama una fleksi ya zamani tafadhali ikague leo, usisubiri wikiendi.

Feni za umeme kwenye foleni ni nzuri, hilo siwezi kuzinyima, geji ilikaa 88 na ikaganda hapo. Shida ikaja kwenye umeme wenyewe. Alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari, ya asili ya hizi gari zisizo na AC ni ya ampea 37, na hizo unazipata injini ikizunguka vizuri, ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) zinapungua sana, wakati feni zangu mbili zikizunguka zilikuwa zinakula kama 25 na pale zinapoanza zinavuta zaidi ya hapo. Usiku nikisimama kwenye taa nyekundu feni zikiwaka tu taa za mbele zinafifia kama mshumaa unaopulizwa. Siku moja nikasikia harufu ya plastiki inaungua, kufungua boneti nakuta soketi ya waya imeyeyuka imegandana na waya wake, maana waya uliokuja na kile kifurushi ulikuwa mwembamba na mimi nikaufunga hivyo hivyo bila kuuliza. Halafu barabara kuu, kule ambako sikuwa na tatizo, geji ikaanza kupanda mpaka 94, kwa sababu lile bamba linaziba rejeta na hewa yote ya mwendo inalazimika kupenya kwenye yale matundu mawili tu. Bamba zilizotengenezwa vizuri zina vimilango vya mpira vinavyofunguka ukikimbia, langu halikuwa navyo. Mtu mwenye alteneta ya ampea 100 na kuendelea, waya mnene, rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa) ya kila feni na swichi ya joto atafurahia umeme, ila ajue ananunua mfumo mzima siyo feni peke yake.

Ya tatu ndo hii niliyonayo, feni klachi ya joto yenye mapanga 7 ya inchi 18, pamoja na kava jipya la umbo la asili. Mbele ya klachi kuna springi imejiviringisha kama konokono, hewa ya moto ya kutoka kwenye rejeta ikiigusa inajizungusha, inafungua njia, oili nzito ya silikoni inaingia kati na klachi inaikamata feni. Hewa ikipoa feni inaachiwa iteleze, injini inapumzika. Angalia tu mwaka wa gari unapoagiza, Chevrolet walihama kutoka wotapampu fupi kwenda ndefu mwaka 1969 na feni inafungwa mbele ya hiyo pampu, ukichanganya spea za 1968 feni itakaa sipo.

Na hapo pa kukaa ndo penye siri. Mapanga yawe nusu ndani ya kava nusu nje, na nafasi kati ya ncha za panga na kava iwe kama inchi moja kuzunguka kote. Jaribio langu ni karatasi, injini ikiwa ya moto na sailensa unaiweka mbele ya rejeta. Zamani ilinata katikati tu, ukiisogeza kona inadondoka, feni ni duara na rejeta ni mstatili. Sasa inanata kona zote nne, nilirudia kama mara sita kwa furaha tu. Foleni ya dakika arobaini, jua kali, geji 89.

Asubuhi ukiwasha itanguruma dakika moja hivi halafu inanyamaza, usiogope, ni oili ilikuwa imelala vibaya ndani ya klachi. Ni nzito kuliko ya umeme, na klachi inazeeka. Ukiona michirizi ya oili kwenye kitovu chake, au feni inacheza ukiitikisa, au umezima injini ya moto (funguo iwe imetoka) ukaisukuma kwa kidole ikazunguka kirahisi kama haijafungwa na kitu, imekwisha. Mimi naikagua kila nikimwaga oili.