Mpango wa STA-21 wa Jeshi la Majini la Marekani: mshahara kamili, ada kwa kipimo

Baharia wa Jeshi la Majini la Marekani ambaye hana shahada, na ambaye anataka kuwa afisa bila kuacha utumishi, ana mlango mmoja unaojulikana kuliko mingine, nao ni mpango unaoitwa Seaman to Admiral-21, au STA-21 kama mabaharia wenyewe wanavyoufupisha. Vijana wa Kitanzania na Kikenya waliojiunga na jeshi hilo wakiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu huuliza habari zake mara kwa mara, na jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba serikali itawasomesha bure. Kwa kuwa nimeupitia mpango huu tangu maombi hadi kutunukiwa kamisheni, nimeona niutathmini kama mtu anavyotathmini huduma yoyote anayouziwa: unatoa nini, unadai nini, na unamfaa nani. Naona ni mpango mzuri sana, ila kinachofadhiliwa kwa ukarimu ni muda wa mwanafunzi, wala si ada yake, na asiyeijua tofauti hiyo kabla ya kuchagua chuo ataijua akishafika kwa mhasibu wa chuo.

Jina la mpango lina historia yake. Jeremy Boorda alijiunga na jeshi hilo mwaka 1956 akiwa bado kijana mdogo, akapata kamisheni mwaka 1962, na mwaka 1994 akawa Mkuu wa Operesheni za Majini, mtu wa kwanza kufika kwenye kiti hicho baada ya kuanzia cheo cha chini kabisa. Ni katika uongozi wake ndipo jina la kutoka baharia hadi admirali lilipopewa njia rasmi, na mpango wa sasa ulikuja kuunganisha njia kadhaa za zamani zilizokuwa zikitofautiana masharti. Sijui kama yupo mwombaji anayelala akiota uadmirali, lakini jina linavutia.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo maswali mengi yalipo. Aliyechaguliwa hubaki mwanajeshi kamili aliye kazini. Hulipwa mshahara wa cheo chake, posho ya chakula na posho ya nyumba, familia yake huendelea kutibiwa, na jeshi hugharamia uhamisho wa familia hiyo hadi mji wa chuo. Anaweza hata kupandishwa cheo cha kibaharia akiwa darasani. Posho ya baharini hukatika, kwa sababu hayuko melini tena, na mwenye watoto afanye hesabu hiyo mapema. Juu ya mshahara, mpango hulipa hadi dola 10,000 kwa mwaka kwa ajili ya ada, vitabu na makato ya chuo. Kinachozidi hapo ni cha mwanafunzi. Kiwango hicho kimekaa pale pale kwa miaka mingi ilhali ada za vyuo vya Marekani zimekuwa zikipanda, na kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro kubwa ya mpango mzima.

Hata hivyo kasoro hiyo ina dawa, na dawa ni kuchagua chuo kwa kalamu na karatasi badala ya kwa sifa. Tangu Julai 2009 sheria ya shirikisho inavitaka vyuo vya umma vimtoze mwanajeshi aliye kazini, pamoja na mwenzi wake na watoto anaowategemeza, ada ya mkaazi wa jimbo alikopangiwa kazi, mradi kituo chake kiwe hapo kwa zaidi ya siku 30. Mwanafunzi wa STA-21 ni mwanajeshi aliye kazini, hivyo sheria hiyo inamhusu, na mtu aliyetoka Tanga au Kisumu hana haja ya kulipa ada ya mgeni huko Virginia au California. San Diego ni mfano mzuri, kwa kuwa vyuo viwili vya hapo, San Diego State na University of San Diego, vinashirikiana katika kikosi kimoja cha NROTC, yaani mafunzo ya maafisa wa majini vyuoni. Cha kwanza ni cha umma, na ada ya mkaazi wa jimbo kwa miaka mingi imekuwa chini ya dola 10,000 kwa mwaka. Cha pili ni cha binafsi, na ada yake inapita dola 50,000. Wanafunzi wa vyuo hivyo huvaa sare ileile, hufundishwa masomo ya kijeshi na maafisa walewale na hupata kamisheni ileile. Mmoja humaliza bila deni, na mwingine, asipopata punguzo au msaada mwingine, hutoa mfukoni fedha za kujenga nyumba ya maana Kigamboni kila mwaka. Norfolk nako mambo ni hayohayo: Old Dominion na Norfolk State ni vya umma, Hampton ni cha binafsi, na vyote vinashirikiana katika mafunzo ya maafisa.

Posho ya nyumba nayo hufuata eneo la kazi, kwa hiyo mji wenye kodi kubwa huleta posho kubwa. Baharia mwenye familia ambaye tayari anaishi karibu na chuo cha umma chenye NROTC asihangaike kutafuta jina kubwa mbali.

Jambo la pili linalohitaji kupimwa ni muda wenyewe. Shahada lazima ikamilike ndani ya miezi 36 mfululizo, na mwanafunzi husoma mwaka mzima pamoja na kiangazi. Kwa anayesoma historia au uongozi wa biashara hilo linawezekana. Kwa anayeanza uhandisi bila krediti hata moja, yaani bila somo lolote la chuo alilokwisha kuhesabiwa, ni mbio ngumu mno, kwa sababu masomo ya uhandisi hupangwa moja baada ya jingine na hayaruki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari hufanyika kabla ya maombi, wakati baharia bado yuko melini: kuchukua masomo ya msingi kwa msaada wa ada wa jeshi, kufanya mitihani ya CLEP, inayompa mtu krediti za chuo bila kukaa darasani na ambayo jeshi huilipia, na kudai krediti zilizoandikwa katika hati ya mafunzo yake ya kijeshi. Wenzetu wanaozungumza Kiswahili wana faida moja wanayoisahau, nayo ni kwamba mtihani wa lugha wa jeshi, DLPT, upo wa Kiswahili, na baadhi ya vyuo hukubali kuyageuza matokeo yake kuwa krediti. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita kutoka NECTA au KNEC navyo vitakaguliwe mapema na taasisi inayotambuliwa kwa kulinganisha elimu ya nje, kwa kuwa chuo hakitavisoma kama vinavyosomwa nyumbani, na masomo ya kidato cha sita yanaweza kumpunguzia mtu muhula mzima katika chuo kinachoyatambua. Ukaguzi huo huchukua muda na hugharimu fedha, na barua za kuomba nakala kutoka Dar es Salaam au Nairobi hazina haraka ya mtu.

Maombi yenyewe hufunguliwa kwa tangazo la mwaka, na tarehe ya mwisho kwa kawaida ni Julai 1. Yanahitaji alama za SAT au ACT, mitihani ya kuingilia vyuo vya Marekani, nakala za masomo, taarifa za utendaji kazi, matokeo ya mazoezi ya mwili, uchunguzi wa afya, maelezo binafsi, usaili mbele ya jopo la maafisa watatu, na pendekezo la mkuu wa kikosi. Kila fani ina ukomo wake wa umri, na fani ni nyingi: nyuklia, urubani, meli za juu ya maji, uuguzi, ujasusi na nyinginezo. Pendekezo la mkuu wa kikosi lina uzito usiofichika. Hapa ndipo ninapoona upungufu wa haki ambao hakuna kanuni inayoukiri. Baharia aliye kwenye shule ya nyuklia huko Goose Creek, South Carolina, amezungukwa na wenzake wanaoomba na wakufunzi waliowahi kuomba, na maswali yake yana majibu mlango wa pili. Mpishi wa manowari iliyo Bahari Hindi hujitafutia afisa wa kumsaili, hujitafutia tarehe ya SAT bandarini, na humwelezea mpango huo mkuu wa kikosi ambaye huenda hajamsaini mwombaji yeyote kabla yake. Wote wawili hupimwa na bodi moja.

Maelezo binafsi nayo huwashinda wengi wa kwetu, na si kwa sababu ya Kiingereza. Tumelelewa tukiambiwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba anayejisifu anajiaibisha. Bodi haina namna ya kumjua mtu asiyejieleza. Haihitaji majigambo, inahitaji ushahidi: ulisimamia watu wangapi, mtambo gani ulikuwa mkononi mwako, nini kilibadilika ulipoingia zamu. Mwombaji aandike hivyo, halafu ampe afisa asiye rafiki yake asome.

Kuna sharti moja lisilo na msamaha, nalo ni uraia wa Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kuwa baharia lakini hawezi kupewa kamisheni. Jeshi lenyewe hufungua njia, kwa kuwa mtumishi huomba uraia kwa fomu N-400 bila kulipa ada, akiambatanisha fomu N-426 ambayo mamlaka yake ya kijeshi huthibitisha utumishi wake. Kwa Mkenya hesabu ni nyepesi, maana katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa Mtanzania ni nzito, kwa sababu sheria ya nyumbani haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa Tanzania akishachukua wa nchi nyingine. Sitamwambia mtu achague nini, maana ni jambo la ukoo, mirathi na mashamba kama lilivyo la kazi, na wengine huhitaji kukaa na wazazi kabla ya kujaza fomu yoyote. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo uje kwanza, SAT baadaye. Aidha, afisa hufanyiwa uchunguzi wa usalama, na jamaa walio nje ya Marekani huulizwa mmoja mmoja. Kuwa nao si kosa. Kuwaficha ndiko kunakomwangusha mtu.

Aliyechaguliwa huanzia Newport, Rhode Island, kwa wiki nane za masomo ya sayansi ya majini: urambazaji, uhandisi wa meli, silaha, historia na uongozi. Ni kozi iliyopangwa vizuri, na kwa mtu aliyekwishakaa melini sehemu kubwa ni kuyapa majina mambo aliyokuwa akiyafanya. Baada ya hapo ni chuo, sare siku zilizopangwa, na kuishi kati ya vijana wa miaka 18 waliotoka moja kwa moja sekondari. Wakufunzi humtumia afisa mwanafunzi aliyetoka kikosini kama kaka au dada mkubwa wa darasa, jambo ambalo ni heshima na pia ni kazi isiyo na malipo.

Akihitimu hupewa cheo cha Ensign, ambacho kwetu ni sawa na Luteni Usu, na hudaiwa utumishi usiopungua miaka 5. Rubani hudaiwa zaidi, na deni lake huhesabiwa tangu apewe mbawa, yaani beji ya kufuzu urubani. Aliyekuwa na zaidi ya miaka 4 ya utumishi kabla ya kamisheni hulipwa kwa kiwango cha O-1E, ambacho ni kikubwa kuliko cha Ensign anayeanza. Lakini anayekaribia kustaafu ajue kwamba kustaafu kwa cheo cha afisa hudai miaka 20 ya utumishi ambayo angalau 10 iwe ya kamisheni. Mwenye miaka 14 mabegani anaponunua shahada kwa njia hii ananunua pia miaka mingine mingi ya kazi, na mwenzi wake ana haki ya kuulizwa.

Nikiulinganisha na mipango ya majirani, STA-21 unasimama vizuri. MECEP ya kikosi cha Marine Corps hutoa mshahara na posho lakini hailipi ada, hivyo wengi hula mafao yao ya elimu ya kijeshi, GI Bill, ambayo wangeweza kuwarithisha watoto. Green to Gold ya Jeshi la Nchi Kavu ina njia zaidi ya moja: ile ya kubaki kazini hutoa mshahara hadi miezi 24, na ile ya ufadhili wa masomo humtoa askari kazini, ikamlipia ada na kumpa posho ndogo ya mwezi, jambo linalomfaa kijana asiye na familia kuliko baba wa watoto watatu. Kwa mwenye familia anayeanza karibu na sifuri, miezi 36 ya mshahara kamili haina mpinzani.

Pale ambapo nisingeushauri ni kwa baharia aliyebakiza muhula mmoja au miwili. Huyo amalizie masomo yake jioni kwa msaada wa ada, kisha aombe OCS, shule ya maafisa iliyo hapo hapo Newport, ambayo humchukua mwenye shahada na kumtoa afisa kwa wiki 13. Na fundi hodari wa miaka mingi asiye na hamu ya darasa aulizie njia ya afisa wa fani maalumu, inayoitwa LDO, ambayo haimdai shahada kabisa.